Programu ya kutengenezea muziki kwenye simu: FL Studio Mobile, BandLab au Koala? Nataka kulipia wiki hii

chalii_wa_sakina
Wakuu, habari za jioni. Mwaka unaisha na nimepania kuachana na programu za kubahatisha. Nimetenga elfu 50 kwa ajili ya hili. Nimesikia sana kuhusu FL Studio Mobile, BandLab ninayo kidogo, na juzi mshikaji wa Ngarenaro kanionyesha Koala kwenye simu yake, nikabaki mdomo wazi. Kwa mwaka huu ipi ni kali kuliko zote? Nataka kulipia kabla ya Jumapili. Naomba waseme waliotumia, siyo waliosimuliwa.

BitiZaUnga
FL Studio Mobile. Funga uzi.

fundi_mitambo
Chalii, mbona umeficha yote ya muhimu? Simu ni Android au iPhone? RAM ngapi? Unatengeneza biti tupu au unarekodi na sauti za watu? Muziki wa aina gani? Na kazi ikiisha inaenda wapi, moja kwa moja YouTube au kwa prodyuza mwenye kompyuta? Bila hayo kila mtu atakutajia anayoipenda yeye.

BitiZaUnga
Fundi, hayo maswali hayabadilishi kitu. FL Studio Mobile ipo Android na iPhone. Unalipa mara moja, kama dola 15, elfu 40 hivi ukiweka na makato. Ina ubao wa kupanga ngoma, ina kinanda cha kuchora noti, ina sinthi zake, yaani ala za kielektroniki. Na kikubwa: kazi uliyoanzia kwenye simu inafunguka ndani ya FL Studio ya kompyuta kupitia plagini yake, yaani kiongezo kinachokaa ndani ya FL. Nusu ya studio za hapa Arusha nilizowahi kuingia zinatumia FL. Unaanzia kwenye Hiace ya Kijenge, unamalizia studio. Sasa mtu atafute nini kingine?

DadaNjiro
Kama ana iPhone, hela zake azitunze. GarageBand ni bure, ipo kwenye simu za Apple tangu 2011, na vinanda vyake ukivigusa unavielewa hata kama hujawahi kukaa mbele ya piano. Mimi natunga nyimbo zote pale.

BitiZaUnga
Dada, hajasema ana iPhone.

DadaNjiro
Hajasema ana Android pia. Ndiyo maana fundi kauliza.

chalii_wa_sakina
Samahani wakuu, nilikuwa njiani. Ni Android, RAM GB 4, nafasi imebaki GB 11. Haina tundu la hedifoni, natumia za Bluetooth. Nafanya hip hop, ile ya kwetu ya Chuga (Arusha), na ninachotaka hasa ni kuingiza sauti za wajomba zangu wa Longido. Wanaimba Kimaasai kwenye sherehe, mmoja ni mwanzishaji mzuri sana. Nataka nizikate nizipange kwenye biti. Halafu kuna prodyuza Moshi, Pasua, kaniahidi kunimiksia kwenye kompyuta yake.

fundi_mitambo
Umeona? Sasa tunaongea. Kwanza weka pembeni hizo hedifoni za Bluetooth. Za kusikilizia muziki ni sawa, za kutengenezea hapana. Ukigusa kitufe cha ngoma, sauti inasafiri kwa redio hadi masikioni na inachelewa milisekunde 100, 200, wakati mwingine zaidi. Ikizidi kama 20 tu, mkono na sikio vinaanza kugombana. Utadhani programu ni mbovu, utahama kutoka moja kwenda nyingine, na tatizo litakufuata kote huko.

Ukishapata waya, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho simu inakusanya kabla ya kukitoa. Bafa ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 256 kwenye 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 5 na kidogo. Ukiweka 1,024 inafika 21. Kwa RAM GB 4 anza na 512 ukiwa unapiga, ipandishe ukiwa unamiksi, vinginevyo sauti itakwaruza ukishajaza traki. Wengi wanaisifia au kuiponda programu kumbe wanaongelea bafa.

mangi_kiboriloni
Kwa hiyo kazi ya sauti za Kimaasai, Koala. Wala usisumbuke na nyingine. Unashikilia kitufe, inarekodi na maiki ya simu, ukiachia sauti imeshakaa kwenye pedi, kile kitufe cha kupigia. Pedi ziko 16 kwenye ukurasa, kurasa 4, jumla 64. Unakata, unageuza kinyumenyume, unashusha sauti iwe nzito, vyote kwa vidole. Bei ni kama dola 5.

Na kuna sababu nyingine. Sauti za Kimaasai haziongozwi na ngoma. Anayeanzisha, olaranyani, anavuta mstari anavyojisikia, na wenzake wanamjibu kwa ile mikoromo ya kifuani. Mapigo yapo, lakini yanapumua. Ukiyalazimisha yakae kwenye vijisanduku vya FL yanakufa. Kwenye Koala unakata pumzi moja moja, unaziweka kila moja kwenye pedi yake, unapiga kwa mkono kama unacheza nao. Nimefanya hivyo na nyimbo za bibi zangu za Kichaga, tofauti niliisikia hapohapo.

BitiZaUnga
Kwenye FL unazima kunata kwa gridi, unaweka noti popote unapotaka. Usimtishe mtoto wa watu.

mangi_kiboriloni
Unaweza, ndiyo. Ila kwenye skrini ya inchi 6, kusogeza noti kwa kidole hadi ikae pale pumzi ilipo, utalala saa nane. Kupiga kwa mkono ni dakika moja.

DadaNjiro
Hapa nakubaliana na Mangi. Koala hata kwenye iPhone ipo na ninaitumia pamoja na GarageBand.

mwl_wa_kwaya
Vijana, hamjambo. Naomba niseme jambo ambalo bado hamjaligusa, kwa sababu liliniumiza sana.

Mimi nafundisha kwaya hapa Moshi. Tulikuwa na wimbo wa sauti nne, tukaamua turekodi kwa simu, kila sauti peke yake, baada ya mazoezi ya jioni. Programu jina lake naliacha. Soprano waliimba vizuri mpaka nikasikia raha. Besi walikuwa wazee watatu, tukawarekodi kwenye chumba kidogo cha vestri kwa sababu kanisani sauti inarudi. Kazi ikafika mahali pazuri, imebaki kupanga viwango tu.

Tundu la chaji la simu likalegea. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, nikamwambia waziwazi: badilisha tundu, ndani usiguse, kuna kazi ya watu. Nimerudi jioni simu inawaka kama mpya kutoka dukani. Nikamuuliza vitu viko wapi, akasema aliona inasumbua akai-reseti ili aipime vizuri. Hakupiga simu kuniuliza, na namba ya mke wangu alikuwa nayo. Nilisimama pale kaunta nikakosa cha kusema. Pesa ya ufundi akaitaka yote.

Baadaye nikaelezwa na mtoto wa dada yangu kwamba kwenye Android programu nyingi zinaweka kazi ndani ya folda yao wenyewe. Simu ikifutwa, folda inakwenda. Na siyo kwa fundi tu: hata ukiiondoa programu ili uiweke upya, mfumo unaifuta folda ile pamoja nayo. Mzee mmoja wa besi alikuwa ameshahamia Mwanza kwa mwanawe. Wimbo tuliurudia na wengine, lakini ile besi hatukuipata tena.

Kwa hiyo chalii, yoyote utakayoinunua, angalia kwanza kama inatoa kila traki peke yake kama faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, na uzitoe kila jioni. Weka kwenye kadi ya kumbukumbu au flashi. Hata huyo wa Pasua atazihitaji hivyohivyo.

chalii_wa_sakina
Shikamoo mwalimu. Pole sana kwa kweli. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. GB 11 zitatosha?

fundi_mitambo
Pole mwalimu. Huyo siyo fundi.

Chalii, hesabu ni hii. Sauti ya mono (mkondo mmoja), biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, dakika moja ni MB 8.6. Stereo (mikondo miwili) ni MB 17 na kidogo. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 10 za mono ni kama MB 350. Zinatosha, ila usiache zirundikane. Na usimpelekee prodyuza MP3, ikishabanwa hairudi.

kijana_wa_soweto
Ndiyo maana mimi nasema BandLab. Bure kabisa, kazi inakaa mtandaoni, simu hata ikiibiwa unaingia kwa akaunti yako kwenye nyingine unaendelea. Prodyuza wa Moshi anafungua kazi ileile kwenye kompyuta kwa kivinjari tu, hahitaji kusafiri wala flashi. Mnaweza kufanyia kazi pamoja yeye akiwa Pasua wewe Sakina. Elfu 50 anunue maiki.

BitiZaUnga
Na bando nani ananunua? Kupandisha traki 10 za sauti kila siku ni mchezo?

kijana_wa_soweto
Unapandisha ukipata Wi-Fi.

BitiZaUnga
Haya, siku mtandao umekata na wazo limekuja? FL inafanya kazi hata ukiwa Longido porini bila mnara.

kijana_wa_soweto
Koala nayo haihitaji mtandao. Kwa hiyo hoja yako inamsaidia Mangi, siyo wewe.

mangi_kiboriloni
Asante.

mgeni_wa_rau
Samahani naingilia. Kuna anayejua Cubasis? Naona ipo Android pia siku hizi.

fundi_mitambo
Ipo, Cubasis 3 ya Steinberg iliingia Android mwaka 2020. Ni nzuri kwa kurekodi watu wengi na kumiksi kama kwenye meza ya studio, ila bei inazidi bajeti ya chalii isipokuwa wakishusha. Kwa mwenye maiki ya USB ningeangalia pia Audio Evolution Mobile, ina dereva yake ya USB, kwa hiyo haitegemei ile ya Android. Hiyo mwalimu wa kwaya ingemfaa.

mzee_wa_hiphop
Wadogo zangu, nimesoma yote. Arusha hii X Plastaz walichanganya sauti za Kimaasai na hip hop miaka ambayo hakuna simu ya kurekodia kitu. Kilichofanya zile kazi zishike siyo mashine, ni kwamba waimbaji wenyewe walikuwemo ndani ya kundi. Sasa chalii, umewauliza wajomba? Sauti zao zikiwa kwenye wimbo wako, jina lao litaandikwa? Watapata chochote ikilipa?

chalii_wa_sakina
Mzee, ni ndugu zangu, hawana shida.

mzee_wa_hiphop
Undugu siyo ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize kabla hujapandisha popote. Na wajomba waambie mapema: hii nitaiweka mtandaoni, watu wa mbali wataisikia. Wengine kuna nyimbo za rika lao hawataki zitoke nje. Bora ujue leo.

DadaNjiro
Hili ni kweli kabisa. Wapelekee hata simu wasikilize kabla.

BitiZaUnga
Mzee naheshimu, ila tunatoka nje ya mada. Jamaa anataka programu.

mzee_wa_hiphop
Mada yake ni sauti za wajomba. Soma tena alichoandika.

kijana_wa_soweto
Tena mbona hamsemi singeli? Vijana wengi siku hizi wanapiga singeli kwenye simu, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika.

BitiZaUnga
Singeli ya Manzese ibaki Manzese. Huku tuna yetu.

kijana_wa_soweto
Hapo umekosea. Moshi madisko yote ya harusi yanapiga singeli, wamama wanaongoza kucheza.

mangi_kiboriloni
Hilo kweli, nimeshuhudia Majengo.

chalii_wa_sakina
Wakuu turudi kidogo. Nikichukua Koala kwa ajili ya kukata sauti, halafu biti nikapanga FL Studio Mobile, zote mbili hazivuki elfu 60. Nitaongezea. Au nianze na Koala na BandLab, hela inayobaki ninunue hedifoni za waya na adapta? Fundi unasemaje? Na nalipiaje, sina akaunti ya benki.

fundi_mitambo
Kulipia, tengeneza kadi ya kidijitali kwenye M-Pesa au Airtel Money, iweke Google Play. Usipakue ya wizi kwenye mitandao, pamoja na programu unapakua na vidudu.

Adapta uwe makini. Kuna zile za USB-C ambazo ni waya tu, zinategemea simu itoe sauti yenyewe, na simu nyingi hazitoi. Unayotaka ni yenye kigeuza sauti ndani yake, DAC. Ukifika dukani chomeka kwenye simu yako hapohapo kabla hujalipa.

BitiZaUnga
Koala na FL. Usiingize BandLab hapo.

kijana_wa_soweto
Koala na BandLab. Hedifoni kwanza.

mwl_wa_kwaya
Hedifoni kwanza, mwanangu. Na kadi ya kumbukumbu.

mgeni_wa_rau
Hizo adapta zenye DAC kwa Moshi zinapatikana wapi? Stendi nimezunguka maduka yote wananiletea zile za waya tu.

mangi_kiboriloni
Upande wa Double Road kuna duka la vifaa vya spika, uliza pale. Kama hawana nenda Arusha, maeneo ya Soko Kuu hukosi.

mgeni_wa_rau
Asante Mangi. Jumamosi wanafungua?