Naomba ushauri: natembelea Copenhagen, Oslo, Stockholm, Helsinki na Tallinn peke yangu

Bint_Pangani

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mwanamke, mtumishi wa umma, makazi Dodoma. Nimedunduliza muda mrefu kwa ajili ya safari moja: kuona miji mikuu ya kaskazini mwa Ulaya. Siendi kikazi wala kusoma, na kule sina ndugu wala mwenyeji. Naenda kutembea na kutazama. Likizo yangu ni wiki mbili na siku chache, nimeiombea nusu ya pili ya Juni.

Kwenye karatasi nimeandika Copenhagen, Oslo, Stockholm, Helsinki, Tallinn, Riga, Vilnius na Reykjavik. Rafiki yangu anasema niongeze na London kwa kuwa tayari nitakuwa huko huko.

Naomba kujua: miji hii inaingia kwenye muda huo au nipunguze? Visa naomba ubalozi gani wakati nchi ni nyingi? Mimi ni Muislamu, nasikia majira hayo usiku kule ni mfupi mno, sasa swala inakuwaje, na chakula? Halafu mwanamke mweusi akitembea peke yake jioni, kuna la kuogopa?

Kwa watakaoniambia ningenunua kiwanja, kiwanja ninacho. Nawasilisha.

Kaka_wa_Mbezi

Hongera dada kwa uamuzi. Ushauri wangu nenda na kundi kupitia kampuni ya utalii. Unapokelewa uwanjani, hoteli ipo, basi lipo, kiongozi yupo. Ugenini peke yako ukiugua nani atakushika mkono?

Nesi_wa_Malmö

Dada, naishi Malmö, ng'ambo ya Copenhagen, daraja la Öresund ndilo linalotuunganisha. Wageni wengi kutoka nyumbani hupita kwangu na orodha kama yako, na wakirudi wanachokumbuka ni viwanja vya ndege. Miji minane kwa wiki mbili maana yake kila ukizinduka unafungasha begi. Punguza.

London itoe leo hii. Uingereza haimo kwenye Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, ni visa nyingine na gharama nyingine. Reykjavik iko peke yake katikati ya Atlantiki, ni ndege ya saa tatu kutoka Copenhagen, na bei za kule zinaumiza. Riga na Vilnius ni miji mizuri, iwekee safari yake.

Mitano iliyobaki iunganishe kwa meli na treni. Ingia Copenhagen kwa ndege. Metro ya M2 inakutoa uwanjani hadi mjini kwa kama robo saa, inatembea usiku kucha na haina dereva. Lala Copenhagen siku tatu. Kisha panda meli ya usiku kwenda Oslo, inang'oa nanga alasiri, na asubuhi ukiamka mko ndani ya ghuba ya Oslo. Oslo ni ghali, siku moja inatosha. Kutoka hapo treni hadi Stockholm, saa tano hadi sita. Stockholm ipe siku nne. Halafu meli ya usiku hadi Helsinki, siku tatu, na Tallinn unavuka kwa meli ya saa mbili tu. Tiketi ya ndege nunua ya kuingilia Copenhagen na kutokea Helsinki. Kwa kupitia Istanbul unafika miji yote miwili.

Hizo meli mbili za usiku ni kitanda na usafiri kwa malipo mamoja. Ila ujue kwamba chumba kinalipiwa kizima hata ukiwa mmoja, kwa hiyo chukua cha ndani kisicho na dirisha. Cha kutazama kiko juu kwenye sitaha. Meli ikitoka Stockholm inapita katikati ya visiwa kwa saa kadhaa, visiwa maelfu, vingine ni jabali lenye misonobari mitatu, vingine vina nyumba moja nyekundu na gati lake dogo la mbao. Kaa nje mpaka baridi ikushinde.

Mjuzi_wa_Fomu

Kwenye visa niongezee. Nchi zote tano hizo zimo Schengen, Norwei ikiwemo ingawa haimo Umoja wa Ulaya. Unaomba visa moja tu. Kanuni ni hii: unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, kwa nchi utakayoingilia kwanza. Kwa mpango wa Nesi siku nyingi ni za Stockholm, basi maombi yako ni ya Uswidi, japo ndege inatua Denmark. Nimeona watu wananyimwa kwa sababu fomu inasema nchi moja na hoteli zinasema nyingine.

Ada ni euro 90 na hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15 lakini wana ruhusa ya kufika 45, kwa hiyo usikae ukingoni.

Kwa kuwa ni mtumishi, barua ya mwajiri na kibali cha likizo ndivyo vitakavyokubeba, kwa sababu swali kubwa la ofisa ni kama utarudi. Usikope hela ukaijaza kwenye akaunti wiki ya maombi. Wanasoma mwendo wa akaunti, mshahara unaingia lini na unatoka vipi. Andika pia ukurasa mmoja wa ratiba: tarehe, mji, mahali pa kulala, namna ya kufika mji unaofuata.

Wa_Kisauni

Habari zenu. Mimi ni wa Mombasa, niko Oslo miaka mingi sasa. Kwa heshima zote, nakataa habari ya Oslo siku moja. Kilicho ghali hapa ni mikahawa. Vitu vyenyewe vya kuona vingi ni vya bure.

Jengo la opera limefunguliwa 2008, paa lake jeupe linaanzia majini kama ufuko, unapanda kwa miguu hadi juu na kuuona mji wote na ghuba. Hulipi. Hifadhi ya Vigeland ina sanamu zaidi ya 200, hulipi, na haifungwi. Na Rådhuset, ukumbi wa jiji, kuingia ni bure pia. Dada yangu, pale ndipo Wangari Maathai alipokabidhiwa Nobel ya Amani tarehe 10 Desemba 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Ukuta mzima ni michoro mikubwa ya rangi. Kila mgeni wangu kutoka nyumbani nampeleka pale kwanza, na mimi mwenyewe huwa sitamani kutoka. Mpe Oslo siku mbili, chakula nunua kwenye maduka ya Kiwi au Rema 1000, na jioni njoo mtaa wa Grønland upate wali na nyama ya halali kwa Wasomali. Usishangae ukijibiwa Kiswahili, wengi wamepitia Nairobi.

Kuhusu woga: wizi wa mfukoni upo kwenye stesheni kubwa na Gamla stan, mji mkongwe wa Stockholm, kwenye msongamano wa watalii, shika mkoba mbele. Jioni utatembea kwa amani. Utaona watu hawakusalimii, kwenye basi hakai mtu karibu yako. Usilibebe moyoni, wanafanyiana hivyo wenyewe kwa wenyewe. Atakayekudharau kwa rangi yuko pia, sikufichi, lakini ukiuliza njia watu wanasimama na kukuelekeza vizuri. Namba ya dharura ni 112, isipokuwa hapa Norwei 112 ni polisi na gari la wagonjwa ni 113.

Bint_Pangani

Nawashukuru sana, sana. Oslo siku mbili, nimekubali, kwa ajili ya Mama Wangari.

Kaka wa Mbezi, nimekuelewa na najua unanijali. Ila baba yangu alikuwa fundi wa majahazi Pangani, na Stockholm kuna meli ya mbao ya Vasa ninayoitamani tangu niione gazetini nikiwa msichana. Nikiwa na kundi nitapewa saa moja niondoke. Nataka nikae pale hadi nitosheke.

Nimebakiza suala la swala, na malipo. Nibebe dola au euro?

Mzee_wa_Ngerengere

Binti yangu, kama ni mtoto wa fundi wa majahazi basi nenda mlango unapofunguliwa, kabla ya mabasi ya watalii. Nilisoma Uswidi zamani na Vasa naifahamu. Ilizama 1628 kwenye safari yake ya kwanza, haikufika hata maili moja toka gatini, imejaa mizinga na haina uzito wa kutosha chini. Ikaibuliwa 1961, karibu nzima. Kwetu mdudu anayetoboa mbao angeimaliza, ndiyo maana baba yako alikuwa anapaka deheni. Bahari ya Baltiki chumvi yake ni hafifu, mdudu huyo haishi humo. Tazama mbavu za meli kwa chini, na misumari ya mbao iliyofunga mataruma. Utamwona baba yako pale.

Swala: mwisho wa Juni Helsinki jua linazama karibu saa tano usiku na kuchomoza karibu saa kumi alfajiri, na katikati hapo giza halishiki. Isha na Alfajiri zinakaribiana mno. Misikiti ya huko ina ratiba yake ya majira hayo, ifuate hiyo, usitegemee programu ya simu. Stockholm msikiti mkubwa uko Medborgarplatsen, ndani ya jengo lililokuwa mtambo wa umeme, unashuka kituo cha metro chenye jina hilo hilo. Wanawake wana nafasi yao. Ukitaka wepesi, sogeza safari hadi katikati ya Agosti. Joto bado lipo, jua linazama karibu saa tatu usiku.

Nesi_wa_Malmö

Mzee shikamoo, umenikumbusha jambo kubwa. Bint, kwenye nusu ya pili ya Juni kuna mkesha wa katikati ya kiangazi, Ijumaa inayoangukia kati ya tarehe 19 na 25. Stockholm na Helsinki watu wote wanakimbilia visiwani na vijijini. Maduka na makumbusho kibao yanafungwa, unatembea mji mtupu. Estonia nao tarehe 23 na 24 ni sikukuu. Naunga mkono Agosti.

Hela: usibebe mkoba wa noti. Denmark, Uswidi na Norwei kila moja ina krona yake na haipokelewi kwa jirani, Finland na Estonia ni euro. Uswidi sehemu nyingi hawapokei noti kabisa. Njoo na kadi mbili za benki mbili tofauti, uwaarifu kabla unasafiri na uulize kikomo cha matumizi kwa siku. Mashine ikikuuliza ulipe kwa krona au kwa shilingi, chagua krona, la sivyo wanakubadilishia kwa bei yao. Mchana Uswidi tafuta "dagens lunch", bei moja unapata chakula, saladi, mkate na kahawa. Maji kunywa ya bomba.

Bint_Pangani

Mzee Ngerengere shikamoo, maneno yako kuhusu baba yamenigusa.

Nimezungumza na mkuu wangu wa idara, amekubali likizo isogee hadi Agosti. Kesho naanza barua ya mwajiri. Nesi, Stockholm nimeona kitanda kwenye af Chapman, ile meli ya zamani iliyofanywa hosteli. Niweke?

Mzee_wa_Ngerengere

Marahaba binti.

Nesi_wa_Malmö

Weka, inatazamana na Gamla stan, ni pazuri. Ila chagua malipo yanayoruhusu kufuta mpaka visa itoke, na fanya hivyo kwa kila mji. Beba shuka zako na foronya, hosteli nyingi za huku wanakutoza za kwao. Na siku ya Copenhagen niandikie, nitavuka daraja.