Loji ya skii ya Chacaltaya: ifufuliwe, igeuzwe au ibomolewe?

Msafiri_wa_Kitini
Wakuu, tupumzike siasa kidogo. Juu ya mlima Chacaltaya kule Bolivia, mwendo wa kama kilomita 30 kutoka La Paz, kuna loji ya Club Andino Boliviano iliyojengwa kwa ajili ya watu wa skii. Iko karibu meta 5,300, yaani imekipita kilele cha Batian cha Mlima Kenya (5,199). Watu walikuwa wakivutwa kupanda mteremko kwa kamba iliyozungushwa na injini ya gari, na kwa miaka mingi pakahesabiwa kuwa uwanja wa skii ulio juu kuliko wote duniani. Mwaka 2009 barafu ikaisha kabisa. Jengo lipo, wateja hakuna.

Lifanyweje? Naona njia nne: theluji ya mashine, malazi ya wapanda milima, kuwaachia watafiti, au kubomoa. Mimi naegemea malazi. Huayna Potosí (6,088) iko jirani, na wanaokwenda huko lazima wazoee hewa nyembamba kwanza. Mnasemaje?

BintiMoshi
Mashine ifute. Theluji ya mashine ni maji, na Novemba 2016 La Paz ilikaukiwa mabwawa hadi serikali ikatangaza hali ya dharura. Watu walipanga foleni na ndoo. Halafu leo uyapandishe maji mlimani ili wachache wateleze? Thubutu.

Mzee_wa_Marangu
Kijana, hiyo ya malazi inavutia kwa mtu aliye kwenye kiti kama jina lako. Sisi tulioongoza wageni tunajua Kibo Hut, meta 4,720. Mgeni anafika mchana, anajilaza bila usingizi wa maana, kwenye saa sita usiku anaamshwa aende Uhuru. Hakuna anayekaa Kibo kwa raha zake. Kichwa kinagonga, chakula hakipiti. Sasa wewe unataka alale meta mia tano na zaidi juu ya hapo!

Kanuni ya mlima ni kupanda juu ukalale chini. Chacaltaya ina barabara inayofika hadi kwenye loji. Mpandaji atakuja na gari asubuhi, atatembea taratibu hadi kileleni (5,421), atashuka, atalala La Paz kwenye meta 3,600 na ushei. Hapo juu anahitaji mahali pa kukingia upepo, choo, na kikombe cha kitu cha moto. Vitanda vitakuwa vya vumbi, na mlinzi atataka mshahara wake vilevile.

Msafiri_wa_Kitini
Shikamoo Mzee. Umenibana.

Mzee_wa_Marangu
Marahaba. Hujabanwa, uliza tu.

Kipepeo255
Mbona Kilimanjaro kati ya 1912 na 2007 imepoteza kama asilimia 85 ya barafu yake na watalii bado wanamiminika? Bolivia watangaze tu.

BintiMoshi
Kipepeo, wa kwetu wanafuata kilele. Barafu ikiisha yote, Uhuru itabaki 5,895 na bango lake la kupigia picha. Wa Chacaltaya walifuata mteremko wa theluji, tena mfupi. Siku hizi ikidondoka theluji mpya watu wanapanda kuichezea, ila huwezi kuendesha loji kwa kuvizia mawingu.

Mwanafizikia_Mstaafu
Watafiti mmewataja kama vile hawapo! Chini kidogo ya loji kuna maabara ya chuo kikuu cha San Andrés, meta 5,240. Ni huko bamba za picha za César Lattes, mwanafizikia wa Brazil, ziliachwa zipigwe na miale ya anga mwaka 1947, zikasaidia kuthibitisha chembe inayoitwa pioni. Cecil Powell, Mwingereza aliyeongoza kundi lao la utafiti, akapata Nobel ya fizikia ya 1950. Siku hizi wanapima pia hewa, pamoja na moshi unaopanda kutoka El Alto, mji jirani wa La Paz. Hawa wana nyumba yao. Ukiwapa na loji umewapa mzigo wa kukarabati.

Ningechukua ukumbi wa chini nipange picha za barafu, mwaka kwa mwaka. Edson Ramírez, mtaalamu wao wa barafu, alikadiria ingefika 2015. Ikaisha miaka sita kabla ya hapo. Mtu akiona hilo ukutani kisha akachungulia dirishani, huhitaji kumhutubia.

Kipepeo255
Kubomoa je? Kanada walikibomoa kibanda cha Abbot Pass.

BintiMoshi
Kile kilijengwa 1922, kikafungwa 2018, kikaondolewa 2022 kwa sababu ardhi iliyoganda chini yake iliyeyuka na mteremko ukaanza kumomonyoka. Tatizo lilikuwa ardhi. La Chacaltaya ni wateja, na hilo halihitaji nyundo.

Msafiri_wa_Kitini
Basi nabadili kura: chai na picha chini, vitanda viuzwe. Na pesa?

Mzee_wa_Marangu
Klabu itoze kila gari la watalii linalopanda, maana yanakwenda vyovyote. Hesabu ngumu ni ya gesi. Kwa urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi 82 au 83, kwa hiyo chai inachelewa kukolea na wali unabaki na kiini. Wanunue presha kuka. Maharage wasijaribu bila hiyo.