Nimepigwa elfu 85 kwa begi la maji la kupandia mlima, limenimwagikia mgongoni nikiwa Mlima Meru

Wakuu salaam. Mods wa jukwaa naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa viatu vya mlima, huu ni wa malalamiko na nina hasira hadi sasa hivi naandika nakosea herufi.

Kwa wasiolijua, ni lile begi jembamba la mgongoni, ndani lina mfuko wa maji, mrija unapita begani hadi mdomoni unanyonya huku unatembea. Mlimani wote wanaliita kamelbaki hata kama kampuni yenyewe ya CamelBak haijawahi kuliona. Mimi nililiona insta, duka lipo Kariakoo, silitaji jina hapa, na picha waliyoweka ni mzungu yuko kileleni na mrija mdomoni anacheka. Maelezo yanasema lita 2, halivuji, halina harufu, linafaa Kilimanjaro. Bei elfu 85. Nikaomba anipunguzie akaniambia boss wangu hii orijino haishuki, nikatuma hela na elfu 5 ya boda, jioni likawa Tabata.

Sasa msije mkasema sikulijaribu. Nililijaribu. Siku hiyo hiyo nikachukua chupa mbili za maji za lita moja moja, ya kwanza ikaingia yote vizuri, ya pili imefika nusu tu mfuko umevimba kama puto na kizibo hakikazi tena. Yaani lita moja na nusu ndio wameandika 2. Nikasema haya, nusu lita nimedhulumiwa, tuendelee. Nikanyonya. Aise yale maji yananuka ndala mpya, zile ndala unazifungua kwenye nailoni. Dada yangu akaniambia loweka na limao usiku kucha, nikaloweka, asubuhi yakawa yananuka ndala mpya zenye limao.

Jumamosi nikaenda nalo Pugu, ule msitu wa Kazimzumbwi, saa mbili za kutembea. Nikatia maji nusu maana si mbali, ndani ya begi nikaweka taulo basi. Halikudondosha hata tone. Nikarudi nimefurahi nikamwambia mwenzangu mzigo huo uko poa, twende Arusha. Hapo ndipo nilipojidanganya na nakiri kabisa, maana begi la maji likiwa nusu na halijabanwa na kitu haliwezi kukuonyesha tabia yake, mfuko unavuja ukijaa na ukikandamizwa na mizigo mingine, maji yanatafuta pa kutokea. Sasa nimejua. Kwa elfu 85.

Meru siku ya kwanza kutoka geti la Momella hadi kibanda cha kulala cha Miriakamba hakuna neno, tunatembea pole pole na askari wa hifadhi na bunduki yake kwa ajili ya nyati, nikawa nimeweka maji kidogo. Siku ya pili ndio kasheshe. Kutoka Miriakamba kwenda kibanda cha pili, Saddle, ni ngazi tu, ngazi za miti haziishi, nikajaza mfuko hadi juu na juu yake nikashindilia jaketi la manyoya, nguo za kulalia, chapati sita na pawabanki. Baada ya kama saa moja nasikia mgongo umelowa. Nikajua jasho, nani asiyetoka jasho kwenye zile ngazi? Tukaendelea. Mara mwenzangu nyuma yangu ananiuliza kwa upole kabisa, kaka, uko sawa? Nikamuuliza kwa nini. Akasema suruali yako imelowa hadi magotini.

Wakuu nilifungua lile begi pale pale njiani mbele ya wazungu wa watu. Chapati zimekuwa uji. Pawabanki imekufa. Jaketi limeshikamana manyoya kama kuku aliyenyeshewa, na wanaojua jaketi la manyoya wanajua likilowa halipashi joto tena, ni afadhali ujifunike gazeti. Na pale tunapokwenda kulala ni zaidi ya mita 3,500, usiku baridi inaingia hadi kwenye meno.

Tulipofika kibandani nikautoa mfuko nikaugeuza. Pale chini mrija unapoingilia inatakiwa iwepo karingi keusi ka mpira, kama kale ka kwenye mtungi wa gesi. Kangu kalikuwa kamekatwa kakarudishiwa na gundi. GUNDI. Unaiona kabisa imemwagikia pembeni imekauka njano. Kuna mtu alikaa akaiona ringi imekatika, akaipaka gundi, akapakia, akaandika halivuji.

Saa 7 usiku tunaanza kupanda kilele. Mwongozaji wetu, mzee wa makamo, akaniazima sweta lake la pili, Mungu ambariki. Maji yaliyobaki nikayaacha humo humo nikiwa nimeubana mfuko na mpira wa kichwani wa mwenzangu (usiniulize). Mzee akanifundisha kwamba baridi ikiwa kali ukishanyonya unapuliza maji yarudi mfukoni, yakikaa kwenye mrija yanaganda. Nikapuliza. Sasa begi la kwangu ukipuliza maji yanatokea kule kwenye gundi, ukiacha kupuliza mrija unajaa tena vile vile. Kabla ya Rhino Point, kituo cha njiani kwenda kileleni, mrija umeshakuwa mgumu kama penseli. Kiu, mgongo umelowa, natetemeka, mzee ananimulika usoni na tochi ananiambia kijana wangu, mlima haukimbii, turudi. Tukarudi. Mpagazi aliyetubebea mizigo alikuwa na kidumu cha lita tatu cha mafuta ya kula kimeoshwa, amekifunga kamba, na hicho ndicho kilichoninywesha hadi chini.

Kwa hiyo hesabu si elfu 85 tu. Kuna viingilio vya hifadhi, basi kwenda na kurudi, likizo ya siku tano kazini, na kilele sijakiona.

Nimerudi Dar nikamtumia muuzaji picha na video ile gundi ikiwa karibu kabisa. Akajibu "mali ikishauzwa hairudishwi boss". Nikamuuliza risiti yangu ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi, maana hakunipa. Akaniblok. Yule Mmarekani aliyeanzisha CamelBak, Michael Eidson, mwaka 1989 alichukua mfuko wa dripu akautia kwenye soksi akauchomeka mgongoni kwenye mbio za baiskeli Texas. Mfuko wa dripu na soksi wakuu. Nina hakika vingenifikisha mbali kuliko hili.

Anayetaka kununua la aina yoyote, jaza maji hadi juu, funga, weka juu ya gazeti, pakia juu yake mfuko wa mchele kilo tano, lala. Asubuhi angalia gazeti. Mimi ningefanya hivyo saa hizi nisingekuwa naandika. Na mnaokuja kusema ningenunua la mtumba Karume, mko sahihi, sina la kujibu.

UPDATE: kumbe uzi umemfikia yule muuzaji. Ameniandikia kwa namba nyingine, nanukuu: "Boss lile begi kwani ulilijaza maji?"