Vidonda vya ileamu na sikamu: vinyama vingapi, vichupa vingapi?

NesiWaSkopi:
Wakuu, habari za kazi. Kesho tuna kolonoskopi (kamera ya utumbo mpana), mgonjwa ana vidonda pale mwisho wa utumbo mdogo (ileamu) unapoingia mwanzo wa utumbo mpana (sikamu). Daktari anataka kutofautisha TB ya utumbo na Crohn (ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo). Niandae vichupa vingapi vya vinyama vya kupima (biopsi)? Majibu ya nyuma yalirudi "sampuli imepondeka".

Kamera_Ndani:
Andaa vinyama nane au zaidi kwenye vidonda peke yake. Ila mpangilio ndio unaowaangusha wengi: vya TB vitangulie. Fosepsi (koleo dogo la kung'atia vinyama) ikishachovya fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) na kurudi ndani, kinyama kinachofuata kinatoka na fomalini. Vijidudu vinakufa, uoteshaji hautoi kitu. Kwa hiyo viwili vitatu vya kwanza viingie kwenye saline (maji ya chumvi) tasa, mililita moja hivi, vipelekwe GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) na kuoteshwa siku hiyohiyo. Vilivyobaki ndiyo fomalini.

Fosepsi iingie imefungwa. Ifungue, igusishe ukutani, nyonya hewa kidogo utando ulegee uingie mdomoni mwake, kisha funga taratibu. Granuloma (vifundo vya seli za kinga) za TB mara nyingi zimejificha chini ya utando, hivyo toa kinyama cha kwanza, kisha ng'ata mara ya pili palepale. Fanya hivyo ukingoni tu. Kitakoni mwa kidonda usirudie, ukuta wa sikamu ni mwembamba, utautoboa.

Darubini40x:
Huko kupondeka kunatoka kwenye mikono mitatu: anayebana fosepsi kwa nguvu, anayeivuta bado imejaa vinyama viwili, na anayechokonoa kinyama kwa sindano. Fungua fosepsi ndani ya saline uitikise, kinyama kitadondoka chenyewe. Kikigoma, kiinue kwa ncha ya sindano bila kukibana.

Fomalini iwe ya 10% yenye bafa, angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Usiweke friji.

Na tafadhali msituchanganyie! Ileamu kichupa chake, sikamu chake, koloni ya kulia, ya kushoto, rektamu. Chukueni viwili viwili hata panapoonekana pazima, maana Crohn huruka sehemu na kuacha nyingine. Vyote vikiwa chupa moja, hilo halionekani tena. Kwenye fomu andikeni kama mgonjwa ameshaanza dawa za TB au steroidi (dawa za Crohn zinazoshusha kinga).

NesiWaSkopi:
Asanteni sana. Anatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), tuahirishe?

Kamera_Ndani:
Hapana dada, kung'ata vinyama vidogo kunahesabiwa hatari ndogo ya damu. Pima INR (kipimo cha kuganda kwa damu) kabla, isizidi kiwango alichopangiwa. Aspirini nayo haisimamishwi. Baada ya kila kinyama angalia kidonda kwa sekunde kadhaa, damu ya kuchuruzika kidogo hukoma yenyewe.

Darubini40x:
Nyongeza: GeneXpert ikija hasi msiifute TB. Kwenye utumbo vijidudu huwa vichache, subirini uoteshaji na majibu ya darubini kabla hamjampa steroidi.