Mita ya mwanga ya kamera yangu ya OM-1 yanidanganya tangu nitie betri mpya. Nifanyeje?

Kijana wa Langoni
Asalaam aleikum wanajamvi. Ami yangu alikuwa mpiga picha za harusi hapa Lamu. Juzi kanikabidhi Olympus OM-1 yake na mita ya mkononi, Gossen Lunasix 3. Zote zilitumia betri ya zebaki, PX625, ambayo sasa haiuzwi. Duka moja likaniuzia ya alkalini yenye umbo lile lile, nikaambiwa "ni hiyo hiyo". Nikaitia, mshale ukaamka, nikafurahi.

Nikapiga filamu nzima: madau gatini, punda Mkunguni, wazee barazani. Iliporudi kusafishwa, negativu nyepesi kama ganda la kitunguu. Kanzu zimetoka, nyuso zimemezwa na giza. Je, kamera imekufa au ni betri? Na sitaki kuichokoachokoa, ami yu hai na macho yake mazima.

Fundi Redio
Waaleikum salaam. Kamera nzima. Betri ya zebaki hutoa volti 1.35 na kukaa papo hapo mpaka ikaribie kuisha. Alkalini huanza 1.5, kisha yateremka kila unapoitumia. Mita hizo za zamani hazijui kujirekebisha: umeme ukizidi, mshale hupanda, nawe wadhani jua ni kali kuliko lilivyo. Unafunga tundu la lenzi, filamu inalala njaa ya mwanga.

Usijaribu kufidia kwa kuchezea namba ya ASA, ile ya wepesi wa filamu kupokea mwanga. Kosa la mwanga mkali si sawa na la kivulini, na betri yenyewe haitulii.

Binti Shela
Mimi natumia betri za kifaa cha kusikia, namba 675. Bibi yangu anazo, namwibia moja moja 😅 Volti 1.4, jirani kabisa na zebaki. Ila ni nyembamba: upana milimita 11.6, na ile ya zamani karibu 16. Izungushie washa ya mpira ya bomba isichezecheze. Ukibandua kile kibandiko kinachofunika vitundu vyake, ngoja dakika chache ipumue ndipo uitie. Ile hutumia hewa, kwa hiyo usizibe vitundu vyake kwa gundi wala selotepu.

Kijana wa Langoni
Yakaa muda gani, dada?

Binti Shela
Miezi michache tu. Ukishabandua imeanza safari, upige picha usipige. Kurudisha kibandiko hakusaidii sana.

Fundi Redio
Na unyevu wa pwani nao huifupishia umri, maana inapovuta hewa inavuta na maji. Kwa anayepiga picha kila wiki, bora betri ya fedha, SR44. Angalia herufi vizuri: LR44 ni pacha wake wa alkalini, na wauzaji wengi huwachanganya. Ya fedha hutoa 1.55 na haiyumbi, kwa hiyo unahitaji kupunguza volti 0.2 tu. Kazi hiyo hufanywa na dayodi ya Schottky, kijidude cha kupitisha umeme upande mmoja. Ile ya kawaida hupunguza mno.

Kwenye OM-1 unafungua kifuniko cha chini, unaiunga hiyo Schottky kwenye waya wa upande hasi, mstari wa dayodi ukielekea betri. Kama hutaki kuigusa kamera, kuna adapta zenye dayodi ndani, unatumbukiza tu. Lunasix inakula betri mbili, nunua mbili.

Mzee wa Matondoni
Vijana mwahangaika. Shata ya OM-1 ni ya springi, betri ni ya mshale peke yake. Jua la saa sita, ASA 100: tundu la lenzi f/16 kwa 1/125 ya sekunde. Kwenye mchanga mweupe wa Shela funga zaidi kidogo.

Kijana wa Langoni
Mzee, na ndani ya nyumba ya arusi?

Mzee wa Matondoni
Hapo tafuta betri.

Kijana wa Langoni
Nimerudi. Nimetia 675 na washa. Kwenye chemba ya betri nimekuta ukungu wa kijani, nikaupangusa kwa pamba na siki kidogo, nikakausha. Nimeelekeza ukuta wa chokaa wenye kivuli, mshale na programu ya simu vyakubaliana. Adapta nimeagiza. Shukran nyote.

Binti Shela
Alhamdulillah. Huku bibi amehesabu pakiti yake leo. Nimesema panya.