Video ya sendofu: mdomo unatangulia, sauti inakuja nyuma. Msaada wadau

Meku wa Kiboriloni
Wakuu habari za leo. Jumamosi nimeshuti sendofu hapa Moshi, simu mbili kwenye stendi na rekoda nimechomeka kwenye miksa ya DJ. Faili mbichi nikiicheza kwenye simu iko poa kabisa, ila nikiieditia kwenye laptopu na kurenda (kutoa video iliyokamilika), mwanzo inaenda sawa, wageni wanaingia, MC anatambulisha, halafu taratibu vinaanza kuachana mpaka baba wa bibi harusi anatoa wosia, dakika ya 40 hivi, mdomo umeshafunga sauti ndo inafika sekunde mbili na ushee baadaye. Nikaivuta sauti, wosia ukakaa, mwanzo ukaharibika. Nimerenda mara nne usiku kucha. Familia wanaitaka Ijumaa na wosia ndo wanausubiri, siwezi kuwapa hivi.

Fundi Njiro
Pole mdogo wangu. Acha kuvuta sauti, hiyo inatibu pale inapopishana kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho. Yako inaongezeka, yani picha na sauti haviendi mwendo mmoja. Simu nyingi hazishuti kwa fremu (picha mojamoja zinazounda video) za kudumu kila sekunde, taa za ukumbi zikififia inapunguza fremu ili ipate mwanga, sasa programu ikichukulia kila kitu ni fremu 30 kamili kwa sekunde picha inakimbia. Piga hesabu, 29.97 ikichezwa kama 30 unapoteza sekunde 3.6 kwa saa, dakika 40 ni 2.4. Si ndo hiyo yako? Fungua faili mbichi kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili, ukikuta Frame rate mode ni Variable, yani fremu zinabadilikabadilika, umempata mchawi. Ipitishe kwanza HandBrake, programu ya kubadilisha video, upande wa Video weka 30 na Constant Framerate, usiache Same as source, RF, kipimo cha ubora wa picha, weka 18 hivi picha isichakae. Hiyo mpya ndo uieditie. Usihangaike na uliyokwisha kurenda.

Dada wa Sakina
Fundi yuko sahihi ila rekoda msiisahau. Kama ilirekodi sampuli za sauti 44100 kwa sekunde na mradi wako ni 48000, igeuze iwe 48000 kabla hujaiingiza. Hata zikilingana, saa ya rekoda na ya simu ni mbili tofauti, kwenye shughuli ndefu zinaachana kidogokidogo, mimi nakata sauti ya rekoda kila hotuba naipanga upya kwa kufuata mawimbi ya sauti ya simu. Na simu ya nyuma ya ukumbi nayo angalia, mita 11 toka kwenye spika sauti inaifikia imechelewa fremu moja. Siku nyingine mwambie MC apige kofi moja simu zote zikimwona, iwe alama ya kupangia sauti na picha, utanishukuru.

Meku wa Kiboriloni
Asanteni sana. Ni Variable kweli, wastani 29.97! Umeme ulikatika katikati nikaanza upya, ila wosia umekaa, mpaka mzee anapofuta machozi sauti inatetemeka palepale. Rekoda ilikuwa 44100, nimegeuza. Imebaki simu ya nyuma tu, sauti yake imechelewa kidogo toka mwanzo hadi mwisho.

Fundi Njiro
Hiyo sasa ndo ya kuvuta. Icheze kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza j na k, kila mguso unasogeza sauti milisekunde 50, ukiona midomo imekaa soma kiasi ukaandike hichohicho kwenye programu yako. Au tumia sauti ya rekoda kotekote, mimi ningefanya hivyo.