Viti vya kulia vya Denmark vilivyokarabatiwa: Møller 75, J39, au CH24 mpya?

Mama Tunu (Aarhus)
Wakuu, habari za jioni. Tumehamia ghorofa ambayo sehemu ya kulia na jiko ni chumba kimoja, na si kikubwa. Nimechoka na viti vya kufunga kwa bisibisi. Nimeona hivi:

– Møller namba 75, mtiki, sita, vimekarabatiwa na kusukwa upya, pamoja na meza ya mtiki ya kuvuta.
– J39 vya Børge Mogensen, mwaloni, sita, havijaguswa. Viwili vinacheza.
– CH24 vya mbunifu Wegner, vipya vya dukani. Bei ya seti ya kwanza inanipatia vinne tu, bila meza.

Mume wangu anasema mtumba ni mtumba. Nisaidieni.

Seremala Mstaafu (Copenhagen)
Dada, mwambie shemeji kiti cha mwaloni si shati. Achana kwanza na jina la mbunifu, uliza kipi kinatengenezeka tena na kipi hakitengenezeki. Møller 75 (1954) na J39 (1947) ni mbao tupu. Kikicheza, fundi anafungua viungo, anakwangua gundi ya zamani, anatia mpya na kukibana mpaka ikauke. Kamba ya karatasi ikikatika, kikalio kinasukwa upya chote. Kwa hiyo viwili vinavyocheza visikutishe, vitumie kuombea punguzo.

Mtego uko kwenye meza. Meza nyingi za mtiki za enzi zile zina vinia juu, yaani utando mwembamba wa mbao uliobandikwa, na haufiki hata milimita moja. Msasa ukipita mara mbili tatu, kwisha habari. Chungulia ukingoni: mistari ya mbao ikikatikia kwenye kipande kilichobandikwa pembeni, hiyo ni vinia. Kisha kagua kona. Ukiona doa lisilo na mistari ya mbao, fundi alishatoboa vinia akafunika kwa rangi. Vuta na mbao za akiba zilizo chini. Hizo hazijapigwa jua, kwa hiyo rangi kutofautiana kidogo ni kawaida. Zikifanana kabisa na meza nzima inang'aa, msasa ulipita kila mahali.

Chausiku (Malmö)
Mimi ninavyo CH24, vile vyenye mgongo wa herufi Y. Vinatengenezwa tangu 1950 bila kukoma, na kikalio kimoja kinakula kamba ya mita 120 hivi. Sijuti. Ila upana ni sentimita 55. Vitatu upande mmoja ni 165 kabla hamjagusana viwiko! Na mikono yake iko juu, kwenye meza fupi ya zamani inagonga ukingo. Pima kabla hujalipa.

Mjomba Kibao (Odense)
J39. Mogensen alikibuni kwa ajili ya FDB, chama cha ushirika, ili familia ya kawaida imudu kukinunua. Sasa watu wanakiuza kama dhahabu, sijui marehemu angesemaje.

Kijana wa Tanga
Naongeza moja kwa wanaopanga kurudi nyumbani na kontena. Mtiki na mwaloni havina shida. Muuzaji akikubembeleza na seti ya rozwudi ya Brazili, kaa chonjo. Huo mti ni Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu, na tangu 1992 uko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Bila vibali mzigo unaweza kukwama bandarini, hata kama kiti ni cha mwaka 1960.

Chausiku (Malmö)
@Seremala, unaidharau meza ya vinia kupita kiasi. Ya mama mkwe ina vinia na wajukuu wanakula juu yake kila Jumapili. Kama haijakwanguliwa, inadumu.

Seremala Mstaafu
Kama haijakwanguliwa, sawa. Lakini hiyo ya Mama Tunu imeshakarabatiwa, na fundi hatumjui.

Mama Tunu
Nimetoka kuiona. Ukingo umebandikwa, na kona ya dirishani ina doa la hudhurungi kama mlivyosema. Muuzaji hataki kutenganisha viti na meza. Nimekwenda kwa muuzaji wa J39, amepunguza bei, nimevichukua. Meza nitatafuta ya mwaloni, taratibu. Mbao ya viti imekauka na kufifia, niipake nini? Nina mafuta ya kitani ndani.

Seremala Mstaafu
Hongera. Ukitaka mwaloni ubaki mweupe, mafuta yaache, hayo yanaugeuza rangi ya asali. Wadenmark wanatumia sabuni ya chengachenga isiyo na manukato: koroga kwenye maji ya moto, ipoe, paka kwa kitambaa kufuata mistari ya mbao, futa, acha ikauke, rudia. Ukiamua mafuta hata hivyo, vitambaa vilivyolowa usivikunje na kuvirundika, vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje au vitumbukize kwenye maji.